Masumbwi Yasifichwe Wananchi

Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliondoa marufuku ya mchezo wa ngumi iliyowekwa mwaka 1964, na mwezi Agosti 2023 ulingo ulisimamishwa tena Unguja mbele ya watazamaji, baada ya karibu miaka 60. Wengi walishangilia, wengine walinung'unika. Hatuna nia ya kuyafufua mabishano ya kwamba marufuku ile ilikuwa ya haki au haikuwa, kwani jambo hilo limekwisha kuamuliwa na wenye mamlaka ya kuamua. Tunalotaka kulisema ni kwamba Visiwa vyetu vimeufungulia mlango mchezo huu wakati ambapo huko ulikolelewa na kutajirika umekwisha kupoteza nafasi yake mbele ya watu wa kawaida. Kabla hatujaanza kuujenga upya, ni wajibu wetu kujua umeporomoka kwa sababu gani.

Anayebisha kwamba umeporomoka na apite kwenye baraza yoyote ya Mji Mkongwe, au kwenye kijiwe cha kahawa cha Wete, awaombe vijana wamtajie bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Wachache sana watamjua. Kisha awaulize habari za Arsenal au Manchester United. Watamtajia hata mlinda mlango wa akiba. Baba zao na babu zao hawakuwa hivyo. Katika miaka ambayo hapa kwetu lilikuwa ni kosa kufanya pambano hata moja la masumbwi, jina la Muhammad Ali lilijulikana na mkubwa na mdogo. Tarehe 30 Oktoba 1974 alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa katika raundi ya nane, pambano lilianza alfajiri kwa saa za huko ili Wamarekani walipate wakati wa usiku wao. Kwetu jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Na mwezi Februari 1980, Rais Carter wa Marekani alipotaka nchi za Afrika zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, mjumbe aliyemtuma Dar es Salaam alikuwa ni huyo huyo Ali. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye, na kwa maoni yetu alikuwa na haki ya kukataa. Hata hivyo tujiulize: leo ni bondia gani ambaye dola kubwa ingefikiri kumtuma kwa rais yeyote?

Maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba walimwengu wameerevuka, hawataki tena kuona damu. Maelezo hayo hayatutoshelezi. Mapambano ya mchanganyiko yanayoendeshwa ndani ya wavu, ambayo kampuni ya UFC iliyaanzisha Marekani mwaka 1993, yanaruhusu viwiko, magoti na kumkaba mtu koo, nayo yamewavuta vijana wale wale ambao zamani wangekuwa mashabiki wa ngumi. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Kila mwezi wa Julai watu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa, na wanaume hutandikana kwa mashina ya migomba hadharani, wanawake wakiwaimbia, wageni wakipiga picha. Mchezo huo haujafa na hauoneshi dalili ya kufa. Ni wa watu wote, hauna tikiti, na kila mtu anajua umeanza lini na utakwisha lini. Kwa hiyo tunaamini ugomvi wa watu na masumbwi haukutokana na makonde yenyewe.

Umetokana na mambo ya wenye masumbwi. La kwanza na kubwa kupita yote ni kwamba mchezo umefichwa wananchi.

Historia ya Marekani inatufundisha hili vizuri. Katika miaka ya 1950 ngumi zilikuwa zikioneshwa kwenye televisheni za kawaida usiku karibu kila siku ya wiki, bila ya mtazamaji kulipa chochote. Watu walikaa majumbani, kumbi ndogo za mitaani ambako mabondia walijifunza kazi zikakosa wateja, nyingi zikafungwa. Hilo lilikuwa jeraha la kwanza, na wakati ule walioliona ni wachache kwa kuwa fedha zilikuwa zinaingia. Maonyesho ya kila Ijumaa ya kituo cha NBC yalisimama mwaka 1960. Hata hivyo mapambano makubwa yaliendelea kuoneshwa bure mara kwa mara, na Ali aliporudiana na Leon Spinks mwezi Septemba 1978 ilikadiriwa kuwa Wamarekani karibu milioni 90 walitazama.

Baada ya hapo mapromota waligundua hesabu nyingine. Waliona kwamba watu wachache wanaolipa sana ni bora kuliko watu wengi wasiolipa. Mapambano ya maana yakahamishiwa kwenye vituo vya kulipia, kisha kwenye utaratibu wa kununua pambano moja moja. Hesabu hiyo ilifika kileleni mwezi Mei 2015, Floyd Mayweather alipopigana na Manny Pacquiao. Pambano hilo lilizungumzwa tangu mwaka 2009 na likaahirishwa kwa magomvi ya fedha na masharti mpaka wote wawili walipokuwa wamepita ujana wao. Lilinunuliwa mara milioni 4.6 Marekani, kwa karibu dola 100 kila mara, na hakuna pambano lililowahi kuingiza fedha kama hizo. Mtoto wa nyumba isiyokuwa na dola 100 hakuliona. Hakuona pia yale yaliyotangulia. Mtoto asiyeona mchezo hatauchukua mkeka wa baba yake akaujaza mchanga na kuutundika mti wa mwembe, na akiwa mtu mzima hatatafuta tikiti. Mapromota walihesabu nyumba zilizolipa, hawakuhesabu nyumba zilizozimiwa. Vituo vya kulipia vyenyewe navyo vikachoka: HBO iliachana na ngumi mwaka 2018, na Showtime ikafuata mwishoni mwa 2023.

Ushahidi kwamba njaa ya watu bado ipo tuliupata mwezi Novemba 2024. Mike Tyson, mwenye umri wa miaka 58, alipigana na kijana aliyepata sifa kwa kujirekodi video, kwenye Netflix, bila malipo ya ziada kwa waliokuwa wateja tayari. Lilikuwa pambano bovu, na hatuoni haya kulisema. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba nyumba milioni 60 zililitazama.

Jambo la pili ni ubingwa. Zamani palikuwa na uzito wa aina 8, na kila uzito, kwa kawaida, ulikuwa na bingwa mmoja. Leo uzito umefika aina 17, na vyama vinavyodai kutoa ubingwa wa dunia ni vinne: WBA, WBC kilichoanzishwa mwaka 1963, IBF cha 1983 na WBO cha 1988. Kila chama kina mkanda wake, na kila mkanda una ada yake. Matokeo yake ni kwamba uzito wa juu, ambao ndio uliokuwa ukibeba jina la mchezo mzima, ulikaa takriban miaka 25 bila ya bingwa mmoja asiye na mpinzani, tangu Lennox Lewis mwaka 1999 mpaka Oleksandr Usyk alipomshinda Tyson Fury mjini Riyadh mwezi Mei 2024. Mpira wa miguu ungekuwa na mabingwa wanne wa dunia kwa wakati mmoja, nani angeutazama?

Kuhusu waamuzi hatutasema mengi, kwani yanajulikana. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 Roy Jones wa Marekani alinyimwa ushindi ambao dunia nzima ilimwona akiupata. Ripoti huru iliyotolewa mwaka 2021 ilithibitisha kwamba matokeo ya baadhi ya mapambano ya Rio mwaka 2016 yalichezewa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikiondolea kutambuliwa chama kilichokuwa kikisimamia ngumi mwezi Juni 2023, na hatima ya mchezo katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028 ikaning'inia mpaka mwezi Machi 2025 ndipo ukathibitishwa kuwemo.

Seoul hiyo hiyo ndiko Afrika Mashariki ilikopata siku yake tukufu kuliko zote katika mchezo huu. Robert Wangila wa Kenya alichukua medali ya dhahabu. Hakuwa nyota iliyodondoka tu kutoka mbinguni. Nyuma yake kulikuwa na Philip Waruinge aliyepata shaba Mexico mwaka 1968 na fedha Munich mwaka 1972, na jirani zao wa Uganda, Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo, waliorudi na medali kutoka michezo hiyo hiyo. Tanzania nayo ilikuwa na Titus Simba, aliyepata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970. Wote hawa walilelewa na ngumi za ridhaa: klabu za majeshi, za polisi, za mitaa na za mahali pa kazi, ambako kijana alipigana mara nyingi, kwa raundi chache, chini ya mwalimu, na watu wa mtaani kwake wakimtazama kwa kiingilio kidogo au bila kiingilio. Klabu hizo zilipodhoofika, kijana mwenye kipaji aliona njia moja tu, nayo ni kuingia mapema katika ngumi za kulipwa, apigane na yeyote atakayeletwa na promota. Tangu dhahabu ya Wangila, Kenya haijapata tena medali ya ngumi katika Olimpiki. Tanzania ilipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa mikono ya Michael Yombayomba mjini Kuala Lumpur mwaka 1998, kisha ikangoja mpaka Birmingham mwaka 2022, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walipoleta shaba.

Wangila mwenyewe aligeukia ngumi za kulipwa na kufariki mjini Las Vegas mwezi Julai 1994, kwa majeraha ya kichwa aliyoyapata ulingoni.

Hapa tunaufikia upande ambao mashabiki hawapendi usemwe. Benny Paret alipigwa mpaka kuzimia mbele ya kamera mwezi Machi 1962 na kufa siku chache baadaye. Mkorea Duk Koo Kim alikufa vivyo hivyo mwezi Novemba 1982, baada ya pambano lililooneshwa moja kwa moja na televisheni ya CBS, na kifo chake ndicho kilichofanya raundi 15 zipunguzwe kuwa 12. Chama cha Madaktari cha Uingereza kilianza mwaka 1982 kudai ngumi zifutwe, na wenzao wa Marekani wakafuata. Sweden ilikuwa imekwisha kupiga marufuku ngumi za kulipwa tangu mwaka 1970, na Norway ilifanya hivyo mwaka 1981. Nchi zote hizo mbili, kama sisi, zimeruhusu tena. Hata hivyo wazazi wengi duniani waliyaona mambo hayo sebuleni mwao na wakaamua kwamba mtoto wao atacheza mpira.

Kwa viongozi wetu, kisa cha kukisoma kwa makini kuliko vyote si cha mtu aliyekufa, bali ni cha aliyepona. Tarehe 21 Septemba 1991 Michael Watson alipigana na Chris Eubank mjini London. Mwamuzi alisimamisha pambano katika raundi ya mwisho, na dakika chache baadaye Watson alianguka. Hapakuwa ulingoni na daktari mwenye vifaa na ujuzi wa kumsaidia kupumua mara moja. Hospitali ya kwanza aliyopelekwa haikuwa na kitengo cha upasuaji wa ubongo, ikabidi ahamishiwe nyingine, na damu ilikuwa ikiendelea kuvuja ndani ya fuvu lake. Alikaa siku 40 bila fahamu na kupasuliwa mara sita. Baadaye aliishtaki Bodi ya Usimamizi wa Ngumi ya Uingereza. Mwaka 1999 Mahakama ilimpa ushindi, na mwezi Desemba 2000 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo: chombo kinachotoa kibali cha pambano kina wajibu wa kuhakikisha kwamba tiba ya dharura ipo pale pale. Bodi haikuwa na fedha za kulipa fidia kamili; iliuza mpaka jengo lake. Watson, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, alijifunza upya kutembea, na mwaka 2003 alimaliza mbio ndefu za London kwa kutembea siku sita.

Mahakama zetu hazifungwi na hukumu ile, lakini hoja yake haina mpaka. Aliyetia sahihi kibali ndiye atakayeulizwa.

Sasa tuje kwetu. Marufuku yetu ilifuta ngumi zote, za ridhaa na za kulipwa. Kijana wa Unguja au Pemba aliyetaka ulingo alipanda chombo kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo hatuna waalimu waliorithishana kazi, hatuna waamuzi wakongwe, hatuna klabu za mitaa zenye historia. Wakuba, ambao ni wana wa visiwa kama sisi, walichagua njia nyingine. Mwaka 1962 walipiga marufuku ngumi za kulipwa peke yake, wakazishika za ridhaa wakazipeleka mashuleni na mikoani. Matunda yake ni zaidi ya medali 40 za dhahabu za Olimpiki, tatu kati ya hizo zikiwa za mtu mmoja, Teófilo Stevenson, aliyezitwaa mwaka 1972, 1976 na 1980 na kukataa mamilioni ya dola aliyoahidiwa ili aende kupigana na Ali. Kuba nayo iliruhusu ngumi za kulipwa mwaka 2022, mwaka ule ule tulioruhusu sisi. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na miaka 60 ya msingi chini ya miguu yao.

Sisi tumeanza na usiku wa taa za rangi, mikanda na majina makubwa kutoka Bara. Hatuwalaumu waandaaji, walitaka kujaza uwanja na wakaujaza, na utalii ulipata kitu cha kuonesha. Lakini usiku kama huo haumfundishi mtoto wa Jang'ombe namna ya kuweka mguu wake wa nyuma. Tunaliomba Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar na Wizara inayohusika na michezo waweke sharti kwamba kila promota anayepewa kibali cha pambano la kulipwa hapa Visiwani atoe sehemu ya mapato ya milangoni kwa klabu za ridhaa, na fedha hizo zionekane kwenye hesabu zinazochapishwa. Promota asiyetaka sharti hilo anaweza kutafuta uwanja mwingine.

Pia tunaomba mapambano yote ya ridhaa, na angalau pambano moja kuu la kulipwa kila msimu, yaoneshwe na televisheni ya Shirika la Utangazaji Zanzibar bila kudai king'amuzi cha kulipia. Tunajua hoja itakayoletwa, kwamba wenye haki za matangazo hawatakubali. Basi haki hizo zisiuzwe zote kwa pamoja kabla ya wananchi kupata sehemu yao. Uwanja ni wa Serikali, umeme ni wa Serikali na polisi wanaolinda usalama ni wa Serikali.

Kuhusu afya hatuombi, tunadai. Kila bondia anayepigana Zanzibar awe na kitabu cha afya chenye picha ya ubongo wake na kumbukumbu ya kila mara alipoangushwa, Bara au Visiwani, na kitabu hicho kikubaliane na daftari la Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa ya Bara, ili kijana aliyezuiwa Dar es Salaam asivuke bahari na kupigana hapa kwa jina lingine. Daktari wa ulingoni alipwe na Baraza, asilipwe na promota, na neno lake la kusimamisha pambano lisiwe na rufaa. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kitengo cha upasuaji wa ubongo. Tarehe ya kila pambano ijulikane huko mapema, na kengele ya kwanza isipigwe kabla ya kupatikana jibu kwamba daktari wa upasuaji yupo kazini usiku huo.

Kwa Pemba shauri hili ni zito zaidi, kwa sababu kukifikia kitengo hicho ni lazima kuvuka bahari, na damu inayovuja ndani ya fuvu haingoji meli ya asubuhi. Ndugu zetu wa Pemba hawatafurahi kusoma haya, lakini tunapendekeza kwamba kwa sasa mapambano ya kulipwa yafanyike Unguja tu, katika viwanja ambavyo gari la wagonjwa linaweza kufika Mnazi Mmoja kwa muda mfupi, mpaka hapo tiba hiyo itakapopatikana Pemba kwenyewe. Ngumi za ridhaa zina raundi tatu, na mwamuzi wake hufundishwa kusimamisha mapema. Hizo zianze Chake Chake, Wete na Mkoani msimu huu huu, chini ya masharti yale yale ya daktari, na glovu, kofia za kinga na mwalimu mmoja wa kudumu wapelekwe huko kabla ya mjini kuongezewa chochote.